Ufundi wa Kusongamana

Huko Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, Masisi hutajwa kwa maharage, jibini na vita. Walikale kwa msitu na kasiteriti, madini ya bati, ya mgodi wa Bisie. Ni nadra sehemu hizi kusifiwa kwa ustadi wa kunasa nuru. Hata hivyo, Masisi inapogusa Ziwa Kivu, kwenye Ghuba ya Kabuno upande wa Sake na Kirotshe, ustadi huo upo majini. Ukishuka mita kumi hivi oksijeni inakwisha, maji yana chuma kingi kilichoyeyuka, na mwanga wa jua uliobaki ni hafifu mno. Hapo wanaishi bakteria wa jenasi ya Chlorobium. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa nuru hiyo haba wanachota elektroni kutoka kwenye chuma na kujenga miili yao. Nashikilia kwamba nguvu yao haitokani na rangi waliyo nayo tu, bali hasa na jinsi ilivyopangwa.

Katika jani la kivulini msituni Walikale, kila molekuli ya klorofili imeshikwa na protini kwa umbali uliopimwa, maana klorofili ikirundikana ovyo nishati hupotea kuwa joto. Bakteria wa Kabuno wamefuata njia nyingine. Ndani ya kifuko kiitwacho klorosomu, chenye urefu wa nanomita 100 na zaidi, maelfu kwa maelfu ya molekuli za bakterioklorofili hushikana zenyewe kwa zenyewe, bila protini katikati. Zikishikana, rangi yenyewe hubadilika: molekuli iliyo peke yake hufyonza mwanga mwekundu wa karibu nanomita 650, lakini katika fungu ufyonzaji huo husogea hadi kupita 700. Nishati ya mwale nayo haikai juu ya molekuli moja. Kadhaa huibeba kwa pamoja, kama mabega ya wabeba kipoyi, na katika sehemu ndogo mno ya sekunde imeshafika kwenye sakafu ya kifuko, tayari kwa kazi. Mwaka 1936 Edwin Jelley wa Uingereza na Günter Scheibe wa Ujerumani waliona jambo linalofanana na hilo katika rangi za maabara: rangi ikizidishwa majini, molekuli zikajipanga, ukatokea mstari mpya mwembamba wa ufyonzaji. Watengenezaji wa filamu za picha walifaidi sana mafungu ya namna hiyo.

Mtu atauliza: si umesema msongamano huua nuru? Huua pale usipokuwa na mpangilio. Katika klorosomu molekuli zimelala kwa mteremko mmoja, safu juu ya safu, hivyo nishati husafiri kabla ya kunaswa na kasoro. Mwingine atasema hakuna ufundi pasipo fundi. Mimi napima ufundi kwa kazi iliyofanyika, na gizani mule aliyepanga vibaya hakuacha kizazi. Zito zaidi ni swali la watu wa Sake, waliokimbia makwao mara kwa mara: haya yanawafaa nini? Klorosomu haitamlisha mtu, wala haizuii risasi. Lakini mwalimu wa biolojia Kirotshe anayefundisha usanisinuru ana mfano wa ajabu chini ya mitumbwi ya wavuvi wa kwao, na wanafunzi wake wana haki ya kuusikia darasani kabla ya mfano wowote wa mbali.