Kipimo cha Kusoma na Mtoto wa Kigiryama

Mradi wa Tusome, ulioenezwa katika shule za msingi za Kenya kuanzia mwaka 2015, ulipima usomaji kwa kuhesabu, pamoja na mengine, maneno ayasomayo mtoto kwa dakika moja. Kipimo hicho kina manufaa yake. Hata hivyo, katika nchi ya Kilifi na Malindi chaweza kuchanganya watoto wa namna mbili.

Wa kwanza huandika "madzi" badala ya "maji". Huyu hana kasoro ya kusoma; ameandika kwa uaminifu sauti ya Kigiryama, lugha ya mamaye. Wa pili huandika "buzi" badala ya "mbuzi", na "kaba" badala ya "kamba". Mwambatano mb umo katika Kigiryama pia, kwa hiyo lugha ya mama haina lawama. Kosa hili ni la kawaida kwa waanzao. Likidumu baada ya wenzake kuliacha, ndipo mwalimu ashuku disleksia.

Tahajia yetu, kwa kufuata matamshi, huificha hali hiyo: mtoto aweza kufika mwisho wa sentensi bila kukosea, ila kwa mwendo wa kobe. Wote wawili wakisoma polepole, saa haisemi kwa nini.

Yafaa basi saa iambatane na imla fupi, isahihishwe na mwalimu ajuaye Kigiryama. Wa kwanza aongezewe msamiati wa Kiswahili. Wa pili azoezwe kugawa silabi kwa sauti, na apewe muda. Tukiwachanganya, mmoja tutamtibu maradhi asiyo nayo, na mwingine tutamwita mvivu.