Fuvu na Yaliyomo: Tahakiki Fupi ya Istilahi za Ndani ya Kichwa

Kiswahili kimekitazama kichwa cha binadamu kutoka nje, na huko kimekiona vizuri. Tunalo paji mbele, kisogo nyuma, utosi juu, na panja kila upande. Majina haya yametokana na kazi za mkono: mkono wa kinyozi, wa msusi, wa mchukuzi anayeweka ngata kabla ya kujitwika mzigo. Lakini tukivuka mfupa na kuingia ndani, msamiati unapungua ghafla. Tunabaki na neno moja kubwa, ubongo, ambalo ni la Kibantu bila shaka (Waganda husema obwongo, Wanyarwanda ubwonko, na sisi wa Bunia, kama wasemaji wa Kilingala, twasema bongo). Mengine yote yaliyomo humo yanangoja wataalamu wa istilahi. Makala haya yanakusudia kupima kazi yao, mintarafu istilahi chache zinazogusa maisha ya watu.

Tuanze na chombo chenyewe. Fuvu ni ndugu wa fuu, yaani ganda tupu, na kifuu cha nazi ni wa ukoo huohuo. Hata bupuru, neno ambalo limeanza kusahaulika, lina maana hiyo ya ganda lisilo na kitu. Basi mtu wa pwani alipolipa jina fuvu alikuwa akitazama kilichobaki baada ya yaliyomo kutoweka. Matumizi ya neno hili katika maandishi yanathibitisha jambo hilo. Fuvu mashuhuri kuliko yote katika Kiswahili ni lile la Mkwawa, lililorudishwa Kalenga mwaka 1954. La pili pengine ni lile alilolifukua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Yote mawili ni mifupa mitupu. Mtu aliye hai, kwa mazungumzo ya kawaida, hana fuvu, ana kichwa. Huku Ituri, ambako minazi haioti, sitiari ya kifuu haimwambii msikilizaji lolote, na wengi husema tu mufupa ya kichwa. Wasomi wetu huwasahihisha. Sisi tunaona kwamba usemi huo, ukiondolewa kasoro ya ngeli, unamfaa mgonjwa aliye hai kuliko fuvu.

Lakini hilo ni dogo. Istilahi inayotusumbua zaidi ni homa ya uti wa mgongo. Ndiyo iliyotumiwa na vyombo vya habari vya Kiswahili mwezi wa Septemba 2021, ugonjwa huo ulipotangazwa huko Banalia, katika jimbo jirani la Tshopo, ambako vifo 129 vilikwisha kuhesabiwa siku ya kutangazwa. Mama anayelisikia jina hilo atapapasa wapi? Mgongoni. Ilhali dalili za ugonjwa wenyewe ziko juu: kichwa kuuma kupita kiasi, shingo kukakamaa, macho kuukimbia mwanga, fahamu kupotea. Kwa mtoto mchanga, ambaye mifupa ya kichwa haijaungana, utosi huweza kuvimba na kusukuma juu. Ndiyo kusema kwamba Kiswahili cha kila siku tayari kina neno la dirisha pekee ambalo mzazi aweza kuchungulia ndani ya fuvu bila kisu, na istilahi rasmi imempeleka mzazi huyo mahali pengine.

Haki itendeke: jina hilo halikuzuka bure. Ubongo umefunikwa kwa tando tatu, na tando hizo haziishii kichwani. Zinapita pamoja na uti katika tundu kubwa lililo chini ya fuvu, zikateremka ndani ya mgongo. Maji yanayouzunguka ubongo, ambayo kwa mtu mzima ni kiasi cha mililita 150, ndiyo hayohayo yaliyomo mgongoni. Kwa hiyo mganga huchoma sindano kiunoni ili ajue habari za kichwani. Aliyeunda istilahi ameupa ugonjwa jina la mahali pa sindano. Kwa mganga ni sawa. Kwa mgonjwa, ambaye hajafika hospitali, ni kinyume. Homa ya utando wa ubongo ingekuwa ndefu kidogo tu, na ingeelekeza mkono mahali panapostahili.

Hizo tando zenyewe zina historia inayopaswa kuwavutia wanaisimu. Waganga walioandika kwa Kiarabu waliziita mama wa ubongo. Watafsiri wa karne ya 12 wakapeleka neno hilo katika Kilatini, na Kifaransa kikalirithi: dure-mère, pie-mère. (Hiyo ya pili ilikuwa nyembamba tu kwa Kiarabu, ilipofika kwa Walatini ikawa mama mcha Mungu!) Je, Kiswahili, chenye deni kubwa kwa Kiarabu, kimrudishe mama huyo? Hatuoni haja. Neno utando linatosha: utando mgumu nje, utando laini ndani, na ule wa kati, ambao Wagiriki waliufananisha na kazi ya buibui, sisi tulikuwa na jina lake kabla ya kumsikia Mgiriki yeyote. Utando wa buibui uko katika kila pembe ya nyumba.

Ugumu mwingine ni wa mlango wa kuingilia. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990), kazi ya heshima, humwingiza msomaji kwa Kiingereza. Mwuguzi aliyesomea Bunia, au Nyankunde katika wilaya ya Irumu, amejifunza kwa Kifaransa na anamhudumia mgonjwa kwa Kiswahili. Kiingereza hakimo katika safari yake. Tena lugha hizo mbili hazikuigawa sakafu ya fuvu kwa taswira moja. Sakafu hiyo huteremka mara tatu, kutoka juu ya macho hadi kwenye tundu kubwa. Kiingereza, kikifuata Kilatini, husema mashimo. Kifaransa husema ghorofa. Atakayetafsiri shimo la nyuma atamwacha mwuguzi wetu akitafuta ghorofa ya chini. Tungependekeza ngazi, neno ambalo halidai lugha ya kigeni na linaonyesha mteremko.

Zaidi ya hayo, mpango wa abjadi huwatenganisha majirani. Chukua panja. Mfupa wake ni mwembamba, na upande wake wa ndani umechorwa mfereji wa mshipa wa damu unaolisha utando mgumu. Pigo la fimbo au la jiwe laweza kuupasua mshipa huo. Damu ikajikusanya kati ya mfupa na utando, na kwa kuwa mfupa haupanuki, ubongo ndio hubanwa. Aliyepigwa huweza kuamka, akazungumza vizuri, kisha akazimia saa chache baadaye. Habari hii yahitaji maneno manne yakae pamoja: panja, mshipa, utando, ubongo. Katika kamusi ya abjadi yametawanyika kurasa nyingi. Kitabu kidogo chenye michoro, kilichopangwa kwa mahali badala ya herufi, na chenye safu ya Kifaransa kando ya Kiswahili, kingewafaa wauguzi wa Irumu kuliko toleo jingine la kamusi. Idara za Kiswahili na shule za uuguzi za mkoa huu zina watu wa kutosha kukianza.