Kidole Gumba cha Mzee

Nilimpelekea mzee picha yangu ya mnada wa samaki wa Feri nikiwa na hakika nayo. Dalali mkono juu, wanunuzi wamemzonga, mwanga wa alfajiri unaingia kutoka baharini. Rafiki zangu walikwisha kusema: kali! Yeye, aliyepiga picha za pasipoti na za harusi pale Kariakoo miaka mingi, hakusema kali wala mbaya. Aliilaza juu ya kaunta, akainyamazia hadi nikaingiwa na wasiwasi, ndipo akauliza, “Jicho lako limeanzia wapi?”

Usoni, nikamjibu.

“Langu limeanzia hapa.” Akaifunika kwa kidole gumba ndoo nyeupe iliyokuwa chini pembeni. Uso wa dalali ukanijia. Akaondoa kidole, ukafifia. Akafunika tena. Ndoo ile ilikuwa imejinyakulia mwanga wote, nami sikuwa nimeiona, si sokoni wala nyumbani.

Nikaanza kujitetea: watu walikuwa wengi, nilisukumwa, sakafu inateleza kwa magamba. Akanisikiliza mpaka mwisho. “Hayo yote nayaamini, mwanangu. Ila humu hayamo.”

“Kali” ni neno la upendo, na silidharau. Limewarudisha wengi barabarani na kamera zao. Lakini halimwambii mtu akirudi afanye nini. “Mbaya” nayo haimwambii. Mzee alinipa kitu adimu zaidi: alinieleza jicho lake lilivyosafiri ndani ya fremu yangu, liliponasa, lilipochoka. Kumwazima mwenzako jicho namna hiyo ni kazi, inataka muda, na leo muda wenyewe tunauiba. Kwenye simu, kidole gumba hichohicho huisukuma picha juu kabla haijatulia machoni.

Tangu siku ile nimefunika picha nyingi, hata za mabingwa. Iko moja ya Martin Munkácsi, ya mnamo 1930, inayojulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika: wavulana watatu wanakimbilia majini, wametupa mgongo. Funika mmoja wao, yeyote yule, picha inaanguka. Mpiga picha mwenzake, Henri Cartier-Bresson, alisema ndiyo iliyomwasha moto. Kwa kidole chako utajua kwa nini. Naye Robert Frank, katikati ya miaka ya 1950, alizunguka Marekani akapiga fremu zipatazo 27,000, na katika kitabu chake The Americans akabakiza 83. Sioni mtu anavyoweza kuacha nyingi kiasi hicho bila kujifunza kwanza kuitazama kazi yake kama ya jirani.

Siku hizi vijana huniletea mimi. Majuzi binti mmoja alinionyesha picha ya bibi yake akisuka ukili barazani. Mikono imetoka vizuri mno, kila mshipa unasomeka. Pembeni kabisa, mguu wa mtoto umeingia kwenye fremu, umekatwa gotini. Nikamweleza jicho langu lilivyotoka mikononi likakimbilia mguuni, kisha nikaufunika.

Alitazama kwa muda, hakujitetea. “Naomba uondoe kidole, mwalimu.” Nikaondoa. “Sasa funika tena.”

Nikafunika, na safari hii nikaona: bila ule mguu, bibi alikuwa anasuka tu. Ukirudi, palikuwa na mtu anayemsubiri amalize, na mikono ile ikawa na haraka ambayo sikuwa nimeigundua. Nikamrudishia picha yake kama ilivyokuja.