Msitu wa Giza: Nafsi ya Mhusika katika Riwaya za Mwanzo za Kezilahabi

Waswahili husema kwamba moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Methali hii ni ushahidi wa kutosha kwamba wahenga hawakungoja elimu ya nafsi kutoka Ulaya ndipo watambue kuwa binadamu ana nje inayoonekana na ndani isiyoonekana. Jambo la kushangaza ni kwamba riwaya ya Kiswahili, iliyozaliwa katika lugha yenye methali hiyo, ilikawia kuingia msituni. Kwa miaka mingi ilipita ukingoni, ikamtazama mhusika kwa matendo yake, ikamsifu au ikamlaumu, kisha ikamwacha.

Makala haya yanachunguza jinsi Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alivyouingia msitu huo katika riwaya zake mbili za mwanzo, Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974). Riwaya zote mbili zilichapishwa Nairobi. Kwa hiyo ni haki ya msomaji wa Kenya kuzipima sawasawa na yule wa Tanzania, na mwishoni zitapimwa kwa maisha ya Nkoroi, katika Kajiado. Hoja inayotetewa ni moja. Riwaya inayochunguza nafsi si anasa ya wasomi waliochoshwa na jamii yao. Inapoandikwa kwa uaminifu, huonyesha dhambi ambayo riwaya ya matendo peke yake haiwezi kuionyesha vema, nayo ni upofu wa mtu ambaye anaiona nafsi yake tu.

Ili kuelewa uzito wa hatua hiyo, ni lazima kukumbuka hali ilivyokuwa kabla yake. Katika kazi za Shaaban Robert, jina la mhusika ndilo nafsi yake. Karama wa Kusadikika ana karama ya akili na ushujaa; Utubora, katika Utubora Mkulima, ni utu bora uliovaa nguo za mkulima. Wahusika hao huwaza, tena huwaza kwa ufasaha mkubwa, lakini mawazo yao ni hotuba. Hakuna wanalojificha wenyewe. Muhammad Said Abdulla naye, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alileta mhusika mwenye siri. Lakini siri hiyo ni ya tukio, na Bwana Msa akishaifumbua, giza limekwisha. Hayo hayasemwi kwa kuwadharau mabingwa hao. Kila mmoja alikuwa na kazi yake, naye aliitimiza. Linalosemwa ni kwamba mhusika anayejidanganya, anayetaka asichokitaka na kutenda anachokichukia, alikuwa bado hajapata makao imara katika nathari ya Kiswahili.

Rosa Mistika ndiyo hatua ya kwanza. Habari yake inajulikana: Rosa, binti wa Zakaria na Regina, analelewa kwa ukali wa baba mlevi, anapopata barua ya kijana Charles, anapigwa. Akiwa mbali na nyumbani, masomoni, anajitupa katika mapenzi bila kiasi, na mwisho anajiua. Riwaya hii ilipotoka ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania, kwa sababu wengi walitazama matendo ya Rosa na kuyaona machafu. Hao walisoma kama Zakaria alivyosoma. Zakaria anaishika barua na kudhani ameushika moyo wa bintiye. Fimbo yake inaadhibu tendo ambalo halijatendwa, na kwa kuliadhibu inalipanda. Mwandishi anaonyesha kwamba uasherati wa Rosa si tabia aliyozaliwa nayo, wala si mafundisho ya mji peke yake. Ni woga uliogeuka. Msichana aliyefundishwa kuwaogopa wanaume bila kuelezwa sababu anajifunza kuwatawala kwa njia pekee aliyoachiwa.

Hata hivyo, katika riwaya hii msimulizi bado amesimama nje. Anamweleza Rosa kama daktari anavyomweleza mgonjwa: kwa huruma, lakini kwa umbali. Msomaji anajua kwa nini Rosa aliharibika. Hajui sana jinsi Rosa mwenyewe alivyokuwa akijisikia usiku. Pengo hilo ndilo Kichwamaji inalojaribu kuliziba.

Katika Kichwamaji msimulizi ni mhusika mwenyewe. Kazimoto, mwanafunzi wa Chuo Kikuu, anasimulia kwa “mimi”. Mabadiliko haya ya fani si pambo. Yanabadili maudhui yote. Kazimoto ameacha dini ya wazee wake bila kupata itikadi nyingine ya kushika. Anarudi kwao likizoni na kukuta kwamba wazazi wanazungumza naye kama mgeni mheshimiwa, na vijana wenzake kama adui. Manase, waliyekua pamoja, sasa ni Mkuu wa Wilaya, na baina yao umekuja ukuta wa meza ya ofisi. Manase huyo amempa mimba Rukia, dada wa Kazimoto, na kumwacha. Rukia anakufa, mama naye anamfuata kaburini. Kazimoto anaapa kulipiza kisasi kwa kumharibu Sabina, dada wa Manase, lakini anajikuta amempenda na kumwoa. Maradhi yaliyotokana na maisha ya wanaume hao hayakusahau njia: mtoto wa Manase anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, na mtoto wa Kazimoto vilevile. Kazimoto anajiua.

Baadhi ya wahakiki, hasa waliopima fasihi kwa kipimo cha ujenzi wa jamii mpya baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, waliilaumu riwaya hii kwa mambo mawili. Kwanza, kwamba inakatisha tamaa na haimwonyeshi msomaji njia. Pili, kwamba mawazo ya Kazimoto juu ya ubatili wa maisha ni mzigo wa udhanaishi ulioshushwa bandarini kutoka Ufaransa. Lawama hizi zinastahili kujibiwa, si kupuuzwa.

Kuhusu lawama ya pili, ni kweli kwamba Kezilahabi alikuwa msomaji wa falsafa, na alama za usomaji huo zinaonekana. Lakini yafaa kuuliza: mawazo ya Kazimoto yanachochewa na nini? Hayachochewi na vitabu. Yanachochewa na benchi la kungojea nje ya ofisi ya rafiki wa utotoni, na kifo cha dada, na baba asiyejua amwambie nini mwanawe aliyesoma. Elimu ya kikoloni ilimtenga mtoto na wazazi wake kwa makusudi. Uhuru ukampa mmoja meza na kumwacha mwingine mlangoni. Historia hiyo haikuishia katika sheria na mishahara. Iliingia vichwani. Mwandishi anapoingia kichwani mwa Kazimoto haikimbii historia. Anaifuata hadi mahali ilipojificha. Mbegu yaweza kuwa ya kigeni, lakini udongo ni wa Ukerewe.

Lawama ya kwanza ni nzito zaidi, na jibu lake limo katika jambo ambalo wahakiki wengi hawakulitilia mkazo wa kutosha. Kazimoto anajichunguza kurasa nyingi. Anaujua uchungu wake, wivu wake, aibu yake. Lakini katika uchunguzi huo wote haulizi swali moja jepesi: Sabina amekosa nini? Anapopanga kumharibu, Sabina kwake si mtu. Ni mali ya Manase inayoweza kuvunjwa, kama Rukia alivyokuwa mali iliyovunjwa na Manase. Wanaume hao wawili wanaochukiana wanafanana kabisa katika jambo hili. Hata mapenzi yanapozuka hayaondoi upofu huo, maana Sabina analipa kwa tumbo lake deni ambalo hakulikopa. Kichwa kikubwa cha mtoto ni ishara iliyo wazi: akili iliyojaa yenyewe hata haina nafasi ya mtu mwingine, nayo haiwezi kuishi.

Kwa mtazamo huu, Kichwamaji haihubiri kukata tamaa. Inaonyesha gharama ya kukata tamaa, na nani anayeilipa. Njia haionyeshwi kwa kidole. Lakini msomaji aliyeingia ndani ya Kazimoto na kukosa humo nafasi ya Sabina ameshaonyeshwa mahali njia ilipopotea.

Hapo pia ndipo kasoro ya riwaya inapoonekana. Mwandishi ameufichua upofu wa Kazimoto, lakini naye hakutupatia macho mengine. Rukia anakufa bila ya msomaji kuusikia moyo wake. Sabina anabaki kivuli hata katika ndoa. Fani ya “mimi” inaweza kutolewa kama udhuru, kwa kuwa Kazimoto hawezi kusimulia asichokiona. Lakini msanii hodari angeweza kumfanya Sabina aseme neno moja ambalo Kazimoto halielewi na msomaji analielewa. Mohamed Suleiman Mohamed wa Zanzibar, katika Kiu (1972), alilikaribia jambo hilo: mapenzi ya Bahati na tamaa ya Idi ya kupata fedha yamewekwa bega kwa bega, na msomaji anaona jinsi kila mmoja anavyomsoma mwenzake vibaya. Kezilahabi mwenyewe, katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), aliendelea kuingia ndani zaidi, lakini kwa njia ya mafumbo, akiwaacha nyuma watu wa kawaida wa kijijini.

Swali la mwisho ni la msomaji wa leo. Nkoroi iko kando ya barabara ya Magadi, baina ya Ongata Rongai na Kiserian. Ardhi iliyokuwa malisho ya Wamaasai imegawanywa viwanja. Nyumba zimejengwa nyuma ya kuta na malango ya chuma, na wakazi wengi huondoka alfajiri kwenda kazini Nairobi na kurudi usiku. Mwenye nyumba aweza kukaa miaka bila ya kujua jina la jirani, wala la Mmaasai ambaye baba yake alichunga mahali hapo. Mwaka 1974 upweke wa Kazimoto ulionekana kuwa ugonjwa wa msomi mmoja aliyerudi kijijini. Katika mahali kama Nkoroi hauhitaji digrii. Watoto wanaorudi ushago wakati wa sikukuu na kukosa la kuzungumza na babu zao wanaujua, hata kama hawajapata kitabu cha kuuita kwa jina.

Kwa hiyo wanaodai kuwa riwaya ya nafsi haina kazi katika jamii wametazama kazi mahali pasipo pake. Ukuta wa kiwanja hubomolewa kwa nyundo. Ule uliojengwa baina ya Kazimoto na Manase, na baina yao wote wawili na Sabina, haukuonekana kwa macho, na riwaya ya matendo ingeupita bila kuugusa. Kezilahabi aliupapasa gizani akauonyesha ulipo. Kazi iliyobaki kwa waandishi wanaomfuata, wa Tanzania na wa Kenya, ni kumsikia Sabina.