Ahadi na Deni: Juu ya Mpenda Sinema wa Karagwe na Kyerwa

Kila filamu ina mwanzo wake nje ya kitambaa cheupe, nao ni siku ile jina lake litajwapo mara ya kwanza mbele ya mtu atakayeitazama. Tangu siku hiyo mtu huyo huwa na filamu yake moyoni, aliyoitunga kwa vipande alivyopewa: bango, kionjo cha dakika mbili katika simu, uso wa mwigizaji amjuaye. Wahakiki hawaishughulikii sana filamu hii ya moyoni, kwa kuwa haiwezi kurudishwa nyuma ikatazamwa tena. Lakini ndiyo kipimo ambacho kwacho filamu yenyewe itahukumiwa, na kwa sababu hiyo yastahili kuchunguzwa.

Mahali pafaapo kwa uchunguzi huo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa, katika mkoa wa Kagera. Zilikuwa wilaya moja mpaka mwaka 2012; eneo lote lapakana na Uganda na Rwanda, nalo liko zaidi ya kilometa 1,200 kutoka Dar es Salaam, ambako filamu nyingi za Kiswahili hutengenezwa na kuuzwa. Mpenda sinema wa Kayanga, Omurushaka au Nkwenda hufikiwa na sifa za filamu kabla ya kufikiwa na filamu yenyewe. Aishiye karibu na jumba la sinema hungoja siku. Huyu hungoja njia. Zamani alingoja kanda, kisha diski, kisha kijana mwenye kompyuta amtilie filamu katika flashi.

Hata hivyo umbali si hasara tupu. Filamu za Marekani, za Kihindi na za Kichina ziliwafikia watu wengi wa miji midogo ya Tanzania katika vibanda vya video, zikiwa na sauti ya mfasiri aliyesimulia kwa Kiswahili juu ya maneno ya wageni. Lufufu na King Rich walipata sifa kwa kazi hiyo, hata majina yao yakawa sababu ya mtu kuchagua filamu. Nchini Uganda wako wafanyao hayo kwa Kiganda, VJ Jingo akiwa mmojawapo. Na mtu wa Murongo, penye daraja la kuvukia Kikagati, aweza kuikuta hadithi moja kwa ndimi mbili. Mngojaji wa namna hiyo haulizi tu filamu yasimulia nini. Huuliza pia itasimuliwa na nani, na kwa ufundi gani.

Swali hilo la pili ni la kale katika Kagera. M. M. Mulokozi alizifanyia utafiti tendi za enanga za Wahaya, ambao lugha yao na ya Wanyambo wa Karagwe ni ndugu. Watu waliokaa kumsikiliza mpiga enanga akiimba habari za Rukiza, wengi wao walikuwa wamezisikia tangu utotoni. Hawakungoja kujua, walingoja kusikia.

Kwa kipimo hiki zitazamwe filamu za Kiswahili zilizostawi baada ya Girlfriend ya mwaka 2003. Mvuto wake ulikuwa mkubwa: mtazamaji aliona nyumba, mavazi na ugomvi anaoufahamu, kwa lugha isiyohitaji mfasiri. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, waliompenda walipoteza pamoja naye filamu ambazo walikuwa wamekwisha kuanza kuzingoja kabla hata hazijatajwa majina. Lakini biashara ya filamu hizo ilizoea kukata hadithi moja katikati na kuiuza mara mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Hapo ndipo lilipo kosa. Taharuki hutoka ndani ya hadithi: mtu amefungua barua, na hadhira haijaisoma. Mkato wa muuzaji hutoka nje: diski imejaa, basi mhusika huachwa akiwa amesimama mlangoni. Aliyeko Kariakoo aliweza kuipata sehemu ya pili mara ilipotoka. Aliyeko Kaisho huenda akabaki na nusu ya hadithi kwa miezi, halafu akaona kwamba nusu iliyobaki imerefushwa kwa safari za gari na mazungumzo ya simu ili tu diski itimie.

Yamkini mtu atajibu kwamba hata Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela alikatiza hadithi zake kila alfajiri, wala halaumiwi. Ni kweli. Lakini alikatiza kwa kuwa uhai wake ulikuwa hatarini. Mkato wake ni sehemu ya kisa chenyewe, na kila usiku uliofuata alilipa alichoahidi. Lawama ni ya yule akatizaye asilipe.

Mfano ulio bora ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Aliyeisoma riwaya alikuwa na Yasmini wake na Denge wake tayari, akangoja kuona watasimuliwaje. Ndiko kungoja kwa hadhira ya enanga. Ila filamu hiyo ilionyeshwa kwanza Toronto, na kwa mtu wa Kyerwa njia ikawa ndefu kama ilivyo desturi.

Iko hadithi nyingine ambayo Karagwe ina haki ya kuingoja. Novemba 1861 Omukama Rumanyika aliwapokea Speke na Grant. Januari 1862 Speke akaendelea na safari ya Buganda, na Grant, mgonjwa wa mguu, akabaki Karagwe kwa miezi. Mountains of the Moon ya mwaka 1990 ilisimulia safari za Burton na Speke kwa macho ya wasafiri. Jinsi wageni wale walivyoonekana kutoka barazani kwa Rumanyika ni kisa kinachohitaji mtungaji wa filamu atakayekisimulia kwa macho ya wenyeji. Hadhira yake ipo, nayo haitamhitaji awaeleze mwisho. Itamwuliza juu ya ufundi wake, na kwa kuwa imezoea kungoja, haitaridhika na nusu. Wahenga walisema ahadi ni deni; na mdai huyu, ijapokuwa anakaa mbali na soko, hasahau.