Dozi ya Mtoto wa Kilo 8

Ukitoka Mnyuzi na mtoto aliyepoteza fahamu kwa malaria, una njia mbili: urudi Korogwe mjini, au ufuate njia ya reli kuelekea Tanga mpaka Hospitali Teule ya Muheza. Ncha zote mbili za safari hiyo zimo katika historia ya tiba ya malaria kali. Kati ya Oktoba 2005 na Julai 2010, Korogwe na Muheza zilikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi 9 za Afrika, vilivyofanya jaribio lililoitwa AQUAMAT. Watoto 5,425 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakatibiwa kwa kwinini, nusu kwa artesuneti ya sindano. Upande wa kwinini walifariki asilimia 10.9, upande wa artesuneti asilimia 8.5. Kushuka kwa sukari baada ya tiba kuanza, balaa ambalo kila muuguzi wa wodi ya watoto alilijua enzi za kwinini, nako kulipungua. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesuneti kwa watoto.

Habari hiyo imesimuliwa sana. Ninayotaka kuichambua hapa ni ya baadaye kidogo, iliyohusu watoto 70 tu, wote wa Hospitali Teule. Kwangu mimi hiyo ndiyo inayoonyesha waziwazi kwa nini mgonjwa mahututi anahitaji mfamasia pembeni ya kitanda chake, si dirishani tu.

Swali lilikuwa hili. Dozi ya artesuneti ilikuwa miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito, kwa mtu mzima na kwa mtoto mchanga sawasawa. Ndiyo iliyotumika katika jaribio kubwa la Asia lililochapishwa mwaka 2005, ambalo wagonjwa wake wengi walikuwa watu wazima. Je, miligramu 2.4 ndani ya mwili wa mtoto wa kilo 8 ni sawa na miligramu 2.4 ndani ya mwili wa mkulima wa kilo 60?

Artesuneti ikishaingia mwilini haikai. Vimeng'enya huigeuza haraka kuwa dihidroartemisinini, nayo ndiyo inayoua vimelea, kisha baada ya saa chache nayo imekwisha. Kwa dawa ya namna hiyo huwezi kukadiria kwa macho. Lazima upime damu kwa saa tofauti. Lakini mtoto mwenye malaria kali mara nyingi damu yake yenyewe imepungua sana, na hakuna mwenye moyo wa kumtoboa kila baada ya dakika kumi. Ndipo ikatumika mbinu ambayo wafamasia huifundisha darasani na wengi hawapati nafasi ya kuiona ikifanya kazi: kila mtoto anatoa sampuli chache tu, kwa saa zinazotofautiana, halafu sampuli za watoto wote zinaunganishwa katika modeli moja ya hesabu. Mtoto mmoja anakuambia kilichotokea mwanzoni, mwingine kilichotokea baadaye, na kwa pamoja wanakuchorea mchoro mzima.

Mchoro huo, uliochapishwa mwaka 2013 na Ilse Hendriksen na wenzake, ulionyesha kwamba kadiri mtoto alivyokuwa mdogo ndivyo alivyopata dawa kidogo mwilini, ingawa kila mmoja alichomwa dozi "sahihi" kwa uzito wake. Sababu yake inafahamika: kasi ya mwili kusafisha dawa haiongezeki sambamba na kilo. Kwa kanuni ya makadirio inayotumiwa na wataalamu wa dawa, mtoto wa kilo 8 husafisha dawa ya aina hii, kwa kila kilo yake, karibu mara moja na nusu ya mtu mzima wa kilo 50. Kumbe tulikuwa tukimpunja yule yule aliye dhaifu kuliko wote. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaandika upya: mtoto aliye chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kilo. Msingi wa pendekezo hilo ni hesabu ya kiwango cha dawa mwilini, si jaribio la kulinganisha vifo, na ni haki msomaji alijue hilo. Binafsi naona hesabu hiyo inatosha. Kungoja vifo vihesabiwe ndipo tuongeze sehemu ya miligramu kwa kila kilo kungekuwa ukatili.

Sasa tuingie wodini, maana karatasi haimchomi mtoto sindano. Kilo 8 mara miligramu 3 ni miligramu 24. Kichupa cha kawaida kina unga wa miligramu 60. Kwanza unayeyushwa kwa mililita 1 ya bikaboneti ya sodiamu inayokuja nao. Kama unachoma kwenye mshipa, ongeza mililita 5 za maji ya chumvi, upate miligramu 10 katika kila mililita. Mtoto wetu atahitaji mililita 2.4. Kama unachoma kwenye msuli wa paja, ongeza mililita 2 tu, upate miligramu 20 kwa mililita. Atahitaji mililita 1.2. Usitumie maji matupu ya sindano, usiitie ndani ya dripu, na baada ya saa moja kilichobaki ni cha kumwaga.

Tazama mtego ulipo. Muuguzi wa zamu ya usiku, mwenye watoto wengi, akichanganya kwa ajili ya mshipa kisha akavuta ujazo wa msuli, mtoto amepata miligramu 12: nusu ya dozi. Akikosea upande wa pili, amepata 48. Kwenye faili kutaandikwa "artesuneti, imetolewa", na daktari wa asubuhi hataona kosa lolote. Hapa simlaumu muuguzi. Nalaumu mpangilio unaomwachia mtu mmoja kupima uzito, kupiga hesabu, kuchanganya, kuchoma na kuandika, wakati aliyesomea hesabu hiyo kwa miaka minne yuko stoo anahesabu maboksi.

Kisha kuna dawa zinazokutana. Mwaka 2000 watafiti wa Kilifi, hapo ng'ambo ya mpaka, walichapisha jaribio la watoto 340 wenye malaria ya ubongo. Nusu walipewa fenobabitoni ili kuzuia degedege. Degedege lilipungua kweli, kutoka asilimia 27 hadi 11. Lakini vifo vikapanda kutoka asilimia 8 hadi 18, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa mtoto aliyekuwa pia amepata diazepamu mara tatu au zaidi. Dawa mbili, kila moja na sababu yake nzuri, zikiungana hulemaza pumzi. Diazepamu ya kwanza huenda ilitolewa zahanati, ya pili mapokezi, ya tatu wodini, na watu watatu tofauti. Nani anazijumlisha? Hiyo ndiyo kazi ya asubuhi ya mfamasia wa kliniki: kusoma faili lote tangu barua ya rufaa, siyo mstari wa mwisho.

Kwamba kazi hii inaleta tofauti kulipimwa zamani. Mwaka 1999 Lucian Leape na wenzake walieleza kilichotokea katika chumba cha wagonjwa mahututi cha Massachusetts General Hospital, Marekani, mfamasia alipoanza kuzunguka raundi pamoja na madaktari: madhara ya dawa yanayoweza kuzuilika, yatokanayo na maagizo, yalishuka kutoka 10.4 hadi 3.5 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa. Kati ya mapendekezo yake 366, madaktari walikubali 362. Hakuongezewa mashine. Alibadilishiwa mahali pa kusimama.

Turudi kwa mtoto wetu. Amepata sindano ya kwanza, ya saa 12 na ya saa 24, amefungua macho, ananyonya. Anahamishiwa dawa mseto: kidonge kimoja mara mbili kwa siku kwa siku tatu, cha pili kikifuata saa nane baada ya cha kwanza, na kila kidonge kiende na maziwa au uji wenye karanga, kwani bila mafuta dawa hiyo haifyonzwi vizuri. Mama anataka kuwahi gari la Mnyuzi, ameacha wengine nyumbani. Lakini artesuneti ina deni moja linalodaiwa baadaye: kwa baadhi ya wagonjwa chembe nyekundu za damu huanza kupasuka wiki moja au zaidi baada ya kupona, mtoto akapauka upya huku hana kimelea hata kimoja. Inabidi wingi wa damu yake ufuatiliwe kwa wiki nne. Mfamasia achukue kadi ya kliniki kabla mama hajafunga kitenge, aandike tarehe za kurudi, kisha amwonyeshe namna ya kuangalia viganja na ndani ya kope za mtoto.