Tandiko, Deraya na Mshipi wa Dhahabu: Uhakiki wa Vifaa vya Wapanda Farasi katika Maigizo ya Vita vya Waislamu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Swahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, katika nchi za Ulaya na Marekani, na pia Uturuki na Palestina, wako watu wanaojishughulisha na kuigiza vita vya kale. Wengi wao wana kazi zao nyingine, nao hutumia fedha zao wenyewe kununua au kutengenezesha deraya, kofia za chuma, panga, matandiko na hatamu za kufanana na zile za zamani. Kisha hukutana uwanjani wakapigana kwa kuigiza, baadhi yao juu ya farasi. Karibu na Pembe za Hattin, mahali ambapo Sultani Salahuddin Al-Ayyubi (Rahimahullah) aliwashinda Wasalibi mwaka 583 Hijria (1187), vita hivyo vimewahi kuigizwa pale pale vilipopiganwa. Miongoni mwa wenye shughuli hii wamo vijana wa Kiislamu wanaoipenda historia yao na kutaka kuionyesha kwa watu.

Hatuzungumzii hapa hukumu ya kuigiza kwenyewe, wala suala la kuwaigiza Swahaba (R.A.), ambalo wengi katika wanavyuoni wa zama zetu wamelikataza. Tunazungumzia uchaguzi wa vifaa. Jambo hili laweza kuonekana dogo, la washona ngozi na wahunzi. Lakini anayevaa kofia ya chuma na kuwaambia watazamaji kwamba hivi ndivyo walivyovaa askari wa Salahuddin ametoa khabari, na khabari huulizwa: umeipokea kwa nani?

Tazama kofia ya chuma inayouzwa zaidi. Ina umbo la bakuli, mwiba mrefu utosini, chuma chembamba cha kukinga pua, mirija miwili ya kuchomekea manyoya, na pazia la pete za chuma linaloning'inia hadi mabegani. Wauzaji huiita kofia ya Salahuddin. Umbo hilo ni la Iran na India za karne nyingi baada yake, na nyingi tunazoziona kwenye picha ni za karne ya 18 na ya 19 Miladia, zilizonakshiwa kwa ajili ya gwaride na mapambo. Hali kadhalika yale mabamba manne ya kifua, mgongo na mbavu, ambayo Wairani huyaita chahar aina, yaani vioo vinne, yalienea zama za Masafawi. Kofia kubwa zenye mikunjo kama kilemba nazo ni za karne ya 15 na ya 16, za Waturuki wa Ak-Koyunlu na wa Uthmaniya. Mtu akimvisha askari wa Hattin vyote hivi amefanya kama yule aliyechukua isnadi ya hadithi moja akaipachika kwenye matini ya nyingine. Wanafunzi wa mustalah wanajua jina la kazi hiyo, na wanajua daraja yake.

Ukirudi nyuma zaidi, zama za Mtume (S.A.W.), kosa huwa kubwa zaidi na madhara yake pia. Katika michoro na filamu, hata katika michezo ya watoto wa madrasa na panga zao za kadibodi, Swahaba huwekewa mikononi upanga uliopinda kama mwezi mwandamo. Panga za Waarabu wakati ule zilikuwa zimenyooka. Nyingi katika zile zilizohifadhiwa kasri ya Topkapi mjini Istanbul, zinazonasibishwa kwa Mtume na Swahaba, zina bamba lililonyooka, ingawa mipini na ala zake zilipambwa na watu wa baadaye. Upanga uliopinda uliletwa na wapanda farasi wa Kituruki kutoka Asia ya Kati, ukaenea karne kadhaa baadaye. Na filamu ya The Message ya Moustapha Akkad (1976), ambayo wengi wetu tuliiona kwa kanda za video na ambayo kwa mengine tunaishukuru, imemwekea Sayyidna Ali (R.A.) upanga wenye ncha mbili. Hiyo ni picha ya wachoraji.

Lakini uharibifu mkubwa hauko kwenye upanga. Uko kwenye wingi. Siku ya Badri Waislamu walikuwa mia tatu na zaidi kidogo, wakapokezana ngamia wapatao sabini. Farasi, kwa riwaya mashuhuri, walikuwa wawili tu; wa Al-Miqdad (R.A.) hakuna ubishi, na wa pili wanavyuoni wa sira wametofautiana ni wa nani. Anayepanga mstari wa farasi ishirini waliotandikwa vizuri, na juu yao vijana wenye deraya zinazometameta, akauita mstari huo jeshi la Badri, ameiondoa Badri yenyewe. Hata kama kila msumari wa tandiko lake ungekuwa sahihi.

Na tandiko nalo lina maneno. Vikuku vya kukanyagia vya chuma havikuwa kwa Waarabu wa mwanzo. Al-Mubarrad katika Al-Kamil ametaja kuwa vikuku vilikuwa vya mti, vikimvunjikia mpandaji anapovihitaji zaidi, mpaka Al-Muhallab bin Abi Sufra alipoamrisha vifuliwe vya chuma alipokuwa akipigana na Makhawarij wa Azariqa. Hiyo ni nusu ya pili ya karne ya kwanza Hijria. Kabla yake tunayo barua ya Sayyidna Umar (R.A.) kwa jeshi la Utba bin Farqad lililokuwa Azerbaijan. Katika upokezi uliomo kwenye Musnad ya Imam Ahmad aliwaamrisha wavitupe vikuku na wawarukie farasi wao kwa miguu yao. Kwa hiyo vikuku walikuwa wanavijua, na Khalifa hakupendezwa navyo. Katika barua hiyo hiyo, ambayo sehemu yake imo katika Sahih Muslim, aliwatahadharisha na anasa, mavazi ya washirikina na kuvaa hariri. Tunaomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwani kikuku na hariri vitakutana tena mbele.

Kwenye deraya, dalili iko karibu na kila hafidh. Katika Suratu Saba (aya ya 10 na ya 11) Mwenyezi Mungu ametaja kuwa alimlainishia Nabii Daud (A.S.) chuma, akamwamrisha kutengeneza deraya kamili na kupima sawasawa katika kuunga. Ibn Kathir na wafasiri wengine wamenukuu kutoka kwa Mujahid kuwa makusudio ni kimsumari cha pete: kisiwe chembamba kikalegea ndani ya tundu, wala kinene kikaipasua pete. Tafsiri hii haina maana ila kwa anayejua kuwa kila pete ya deraya ilifungwa kwa kimsumari kilichogongwa. Na ndivyo zilivyo deraya za kale zilizosalia, mara nyingi safu ya pete zilizofungwa kwa vimsumari ikifuatana na safu ya pete nzima zisizo na kiungo. Nyingi zinazouzwa leo kwa bei rahisi zina pete ambazo ncha zake zimekutanishwa tu bila kufungwa. Zikivutwa kwa nguvu hufunguka. Mwenye fedha chache na anayetaka usahihi aanze kuzitoa hapa, aache nakshi.

Wala asidhani kuwa chuma kilionekana sana. Usama bin Munqidh (aliyefariki 584/1188), aliyepigana na Wasalibi umri wake wote, ameeleza katika Al-I'tibar koti lake la vita liitwalo kazaghandi. Ndani yake mlikuwa na deraya mbili, ndefu ya Kifaranga na juu yake fupi iliyoishia katikati, na humo mkatiwa bitana, sufi iliyoshindiliwa, hariri ghafi na manyoya ya sungura. Nje ilikuwa nguo. Hapa pana faida mbili. Ya kwanza, Muislamu huyu aliingia vitani na deraya ya adui zake, kwa hiyo kuwagawa Waislamu na Wafaranga kwa mavazi, hawa chuma kitupu na wale vitambaa vitupu, ni mchezo wa jukwaani. Ya pili ni kwamba hariri ilikuwemo, lakini ndani, ikifanya kazi ya kukinga.

Zama za Mamluki ndizo zenye hazina kubwa ya dalili, na ndiyo maana wengi huzichagua. Kipo kitabu cha Nihayat as-Sul cha Al-Aqsarai (aliyefariki 749/1348), ambacho nakala yake ya mwaka 773/1371, yenye picha za wapanda farasi wakifanya mazoezi ya mkuki na upanga, imehifadhiwa maktaba ya taifa ya Uingereza mjini London. Lipo beseni la shaba la fundi Muhammad bin Az-Zayn lililoko Louvre, Paris, ambalo limechorwa maamiri juu ya farasi, na tandiko, hatamu na podo zinaonekana waziwazi. Wapo pia wanahistoria. Al-Qalqashandi (aliyefariki 821/1418) ameeleza maandamano ya Sultani na ile ghashia, kifuniko cha tandiko cha ngozi iliyotariziwa dhahabu, ikibebwa mbele yake.

Lakini kila kimoja katika hivi kina mahali pake. Mpandaji wa uwanja wa mazoezi hakuvaa deraya ya vita. Beseni lilitengenezwa kwa fedha na dhahabu kwa ajili ya kasri, likawachora wakubwa wa kasri. Ghashia ni ya siku ya sherehe. Tunaowahakiki huchukua ghashia, mshipi wa dhahabu na joho la hariri wakaenda navyo Ain Jalut, vita vya Ramadhani ya mwaka 658 (Septemba 1260) vilivyowarudisha nyuma Watatari. Na hapo ndipo historia na fiqhi zinapokutana uso kwa uso.

Kabla ya Ain Jalut, Qutuz alipotaka kuwatoza raia mali kwa ajili ya vita, Sheikh Izzuddin bin Abdissalam (aliyefariki 660/1262) aliulizwa. Alijibu kuwa inajuzu kuchukua kwa raia iwapo hazina ya Waislamu haina kitu, na baada ya maamiri kuuza mishipi yao ya dhahabu na vitu vyao vya thamani, kila askari akabaki na farasi wake na silaha yake, sawa na raia wa kawaida. Ibn Taghribirdi na wengineo wameyanakili hayo. Miaka michache baadaye Adh-Dhahir Baybars alitaka fatwa kama hiyo, na As-Suyuti amesimulia kuwa Imam An-Nawawi (aliyefariki 676/1277) alikataa kumwandikia, akamkumbusha mamluki wake ambao kila mmoja alikuwa na mshipi wa dhahabu. Basi mshipi huu ambao leo huagizwa kwa mafundi kwa gharama kubwa, uwe sahihi, ndio ule ule ambao wanavyuoni wa wakati wake walisimama mbele ya masultani kuudai uvuliwe.

Na An-Nawawi hakuishia kwenye kauli ya mdomo. Minhaji yake, ambayo wanafunzi wa pwani yetu huisoma mpaka leo, aliiandika Sham katika utawala huo huo wa Baybars, farasi wa maamiri wakipita njiani. Katika mlango wa zaka ya dhahabu na fedha ameeleza kuwa mwanamume anaruhusiwa kupamba kwa fedha zana za vita kama upanga, mkuki na mshipi, lakini si vile asivyovivaa mwenyewe, kama tandiko na lijamu, katika wajhi iliyo asahhi. Neno asahhi kwake huashiria kuwa wajhi ya pili nayo ina nguvu, kwa hiyo hatumkemei aliyeifuata. Dhahabu kwa mwanamume haimo katika ruhusa hiyo. Masharih wametaja illa ya ruhusa ya fedha kuwa ni kuwakera makafiri wanaopigana nao. Illa hiyo iko wapi katika uwanja ambao adui ni rafiki atakayekunywa naye chai jioni?

Hariri ni hivyo hivyo. Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu Az-Zubayr na Abdurrahman bin Auf (R.A.) kuivaa kwa sababu ya muwasho, na mafuqaha wetu wameiruhusu kwa aliyeshtukizwa na vita asipate nguo nyingine. Mwigizaji hakushtukizwa. Aliagiza nguo yake miezi sita kabla, na risiti anayo. Na katika hadithi ya Al-Bara bin Azib (R.A.) iliyoko kwa Bukhari, miongoni mwa yaliyokatazwa ni mayathir, matakia ya tandiko ambayo wanavyuoni wameyafasiri kuwa ya hariri. Kusema kwamba ndivyo walivyofanya maamiri wa Kairo ni dalili ya historia, wala haihalalishi kitu.

Wepesi upo. Shaba ya manjano iliyosuguliwa hung'aa, na haina ubaya. Kitambaa cha pamba au cha nyuzi za viwandani kinachofanana na hariri si hariri kisheria, na kilichochanganywa ambacho hariri yake haikuzidi kwa uzito kinajuzu katika madhehebu yetu.

Limebaki la farasi, ambaye husahauliwa kwa sababu hasemi. Tandiko lililonakiliwa barabara kutoka jumba la makumbusho lilitengenezwa kwa mgongo wa farasi mwingine. Likiwa jembamba kwa farasi wa leo aliyenenepa, mbao zake zitamla mabega kabla ya adhuhuri. Usahihi hapa uachwe, tandiko lipanuliwe. Pia Abu Daud amepokea katazo la Mtume (S.A.W.) la kuifanya migongo ya wanyama kuwa mimbari, na sijui tuiiteje kazi ya kumkalia farasi saa nzima akiwa na mzigo wa chuma ili watu wapige picha, kama si hiyo. Kengele za shingoni, ambazo baadhi yao huzipenda kwa mlio wake, zina hadithi yake katika Sahih Muslim.

Kwa anayetaka kuvaa kama askari wa Ain Jalut, tunamshauri deraya ya pete zilizofungwa vimsumari ndani ya koti la nguo nene, kofia ya chuma isiyo na nakshi, upinde na podo, vikuku vya chuma, tandiko la mbao na ngozi tupu, na mshipi wa ngozi wenye kishikizo cha shaba. Watazamaji wakimuuliza dhahabu ya maamiri iko wapi, awasimulie fatwa ya Sheikh Izzuddin.

Wallahu a'lam.